Mwavuli Nje ya Dirisha

Jumanne, manyunyu tangu asubuhi. Nina hasira, na ninaandika kabla haijapoa.

Leo mimi na dada yangu tulikwenda Laeken, huku ughaibuni, kuikagua nyumba mpya ya Maman, mama yetu. Ilitengenezwa kiwandani, ikaletwa vipande vipande kwa lori, ikaunganishwa nyuma ya nyumba ya dada yangu Furaha. Kabla ya malipo ya mwisho, mnunuzi huizunguka pamoja na mtu wa kampuni, kasoro zikaandikwa, ndipo akasaini.

Kasoro niliiona kabla sijaingia. Maman anatumia kiti cha magurudumu. Mkataba unasema mlango uwe sawa na ardhi. Kizingiti walichoweka kinakaribia goti langu.

Bwana wa kampuni hakubisha. Alitoa simu tu. Kwenye picha, wanakwaya wa kanisa letu wamejaa sebuleni mwa nyumba hiyohiyo, sahani za bugali mapajani, mapazia yameshatundikwa. Furaha alikuwa ameazima ufunguo kwa kampuni apime madirisha ya mapazia. Lakini kwetu Bukavu mtu halali katika nyumba mpya kabla haijaombewa na watu hawajala ndani yake. Basi Jumapili aliwaita, na picha akaiweka Facebook mwenyewe.

Kwa bwana huyo, mapazia na chakula maana yake tumeshahamia, na aliyehamia ameipokea nyumba kama ilivyo. Aliyasema hayo kwa upole. Upole huo ndio ulioniudhi.

“Alors, kuomba ni kuhamia?” Furaha alinigeukia mimi mkubwa wake. “Yaya, Mungu naye wamemuandika mupangaji?”

Sikucheka. Miaka yote ya uandishi wa habari nimewabana watu kwa picha walizozitoa wenyewe. Leo nimebanwa mimi.

Niliomba ile simu, nikaikuza picha.

Nje ya dirisha, nyuma ya mabega ya wanakwaya, kuna mwavuli. Chini yake yuko Maman kwenye kiti chake, sahani mikononi.

Furaha akanieleza. Vijana wa kwaya walitaka kumbeba, Maman akakataa: “Miye si gunia. Nitaombea hapa inje.”

Nilimwonyesha bwana ule mwavuli. Nikamwambia: nyumba ni ya mama huyu, na katika picha yako ni yeye peke yake ambaye hajaingia. Nani basi amehamia?

Aligeuka akakitazama kizingiti. Halafu akapendekeza tuegemeze ubao mlangoni, kiti kipandie hapo.

Ubao!

Sikusaini. Furaha alipanda kiti akashusha mapazia, mimi nikamrudishia bwana ufunguo mkononi.

Maman alikuwa akitungoja jikoni kwa Furaha. Hakuuliza kuhusu kampuni wala mkataba.

“Mulango wameshusha?”

“Bado, Maman.”

“Bon. Basi na miye, bado.”

Watanipigia simu kuhusu malipo, najua. Malipo yatangoja palepale walipomwacha Maman: nje.