Saa ya Mtoto wa Rupal

Jumapili, 8 Februari

Kliniki imejaa tangu asubuhi. Chai ilipoa mezani mara mbili. Mgonjwa wa mwisho Rupal. Ametimiza wiki ya thelathini na nane leo. Presha nzuri, mtoto amegeuka vizuri. Alijifungua kwa operesheni mara ya kwanza, na safari hii pia tumekubaliana operesheni, Jumapili ijayo.

Kaja na baba mkwe wake, mzee Vinubhai, mwenye duka la vitambaa Hamriya, hapa Maskati. Mhindi wa Unguja. Kazaliwa kule, kakulia kule, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Tangu nimwambie kwamba Mama kazaliwa Vuga, kule kule Unguja, namwita ami, na yeye ananiita mwanangu.

Leo kaniomba kitu. Anataka mtoto atolewe baina ya saa tatu na saa tatu u nusu. Kaipiga mwenyewe nyota, na hiyo ndiyo saa njema. "Nnakuomba nusu saa tu, mwanangu."

Nikakubali. Chumba cha upasuaji kiko wazi asubuhi ile. Hainigharimu kitu.

Jumatatu, 9 Februari

Nilikwenda Hamriya baada ya kazi, kumnunulia Mama kitambaa cha dera la Ramadhani. Nikaingia kwa ami Vinu. Udadisi tu. Nikamuuliza hiyo saa njema anaipataje.

Anavyoeleza yeye: anga limegawanywa burji kumi na mbili, kama tunazozijua sisi. Na tena limegawanywa nyumba ishirini na saba za mwezi. Mwezi hukaa kila nyumba kiasi cha siku moja. Nyumba uliyomo mwezi wakati unazaliwa ndiyo nyota yako. Halafu kuna wasafiri tisa wa angani, jua na mwezi wamo. Wawili kati yao hawana mwili, Rahu na Ketu: ni pale tu njia ya mwezi inapokatana na njia ya jua. Ndipo panapotokea kupatwa. Hilo la kupatwa ni kweli. Lakini kwamba mahali patupu angani panajua nani atafiwa, hapo nilimwacha.

Nikamuuliza imeanzia wapi. Hakuficha. Vitabu vya kale kabisa vya Wahindu havikutabiri maisha ya mtu. Vilihesabu jua na mwezi ili makuhani wajue wakati wa kutoa sadaka. Burji na kumpigia mtoto nyota vilikuja baadaye, na wengi wanasema vilitoka kwa Wayunani. "Hata neno hora, saa, la kwao," akasema. "Nnajua. Pilipili nayo ilikuja na meli, na leo nani atapika bila pilipili?"

Nilesh alikuwa pale, mwanawe, mume wa Rupal. Injinia. Kazaliwa hapa Maskati, hajui Kiswahili, lakini anaijua sura ya baba yake akizungumza nyota. Akatuingilia kwa Kiingereza. Burji za Wahindi zimeachana na za Wazungu karibu digrii ishirini na nne, akasema, na Wahindi wenyewe hawakubaliani hesabu ianzie wapi. India vyuo vikuu vinaifundisha kama elimu, wanasayansi wamekwenda mahakamani kuipinga, wakashindwa. Na wanajimu walipojaribiwa, wakapewa nyota za watoto wamtambue mwerevu ni yupi, hawakupita mtu anayebahatisha. Alikuwa anacheka akisema haya. Nilikubaliana naye kila neno. Kicheko chake sikukipenda.

Mzee akanikatia kitambaa, akaongeza robo mita.

Jumanne, 10 Februari

Rupal kaja peke yake, kwa vipimo vya damu. Nilimuuliza, kwa Kihindi changu kibovu, kama hiyo saa ya Jumapili anaitaka yeye au anaridhisha watu.

Akanieleza yaliyompata mara ya kwanza, ambayo kwenye faili ni mstari mmoja tu. Alikuwa Rajkot, India, kwa wazazi wake. Uchungu ulikuja ghafla, akafanyiwa operesheni ya haraka. Mtoto wa kiume. Hakumaliza wiki. Kwao majirani walisema amezaliwa saa mbaya. Mmoja alisema mama ndiye mwenye nyota nzito. Mkwe wake hakusema kitu, ila tangu siku ile anahesabu.

"Naitaka," akaniambia. "Likitokea jambo, asije mtu akasema ni mimi."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Mimi siamini nyota. Lakini Jumapili ile hainigharimu kitu mimi. Lawama ikija, yeye ndiye anayelipa.

Jumatano, 11 Februari

Hakuna jipya. Operesheni mbili, zote salama. Miguu imevimba. Mama kasema kitambaa kizuri lakini rangi ya wazee. Yeye ana miaka themanini na mbili.

Alhamisi, 12 Februari

Rupal kaja mchana bila miadi. Kichwa kinamuuma tangu jana, macho yanaona vimulimuli. Presha imepanda. Protini kwenye mkojo. Sikumruhusu kurudi nyumbani. Nikamlaza wodini, nikamwanzishia dawa ya presha na dripu ya kuzuia kifafa cha mimba.

Ilipofika jioni presha ilikuwa imeshuka kidogo tu. Nikawaita Nilesh na ami Vinu. Nikawaambia wote watatu, kando ya kitanda: kesho asubuhi. Siwezi kungoja Jumapili. Dawa ya ugonjwa huu ni mtoto kutoka. Tukisubiri, anaweza kupata kifafa, anaweza kutokwa na damu, na mtoto anaweza kufia tumboni.

Ami Vinu akakaa. Akanambia kwa Kiswahili, pole pole, ili wengine wasifahamu: "Kesho mwezi umo Mula, mwanangu. Nyumba ya mizizi. Wanasema mtoto wa Mula anamng'oa baba yake. Ngoja hata kesho kutwa."

Nikamjibu, "Ami, siwezi."

Nilimtegemea Nilesh. Nilifikiri ndiye atakayenisaidia. Nilesh akaniuliza kama kweli haiwezekani kufika Jumapili. Kwa dawa kali zaidi. Kwa uangalizi wa karibu. Yeye aliyekuwa akicheka Jumatatu.

Nilikasirika. Nikamgeukia Rupal, maana mwili ni wake. Nikamweleza tena, neno kwa neno. Akauliza kitu kimoja: Jumapili mtoto atakuwa hai? Nikamwambia sijui. Akasema, kesho. Akatia saini mwenyewe, hakumtazama mtu.

Naogopa. Niandike hapa maana hakuna pa kusema. Mtoto huyu likimpata lolote, hata mafua, itakuwa ni Ijumaa yangu.

Ijumaa, 13 Februari

Barabara tupu, watu wamelala. Nilifika mapema. Presha yake ilikuwa imepanda tena usiku. Hakukuwa na la kujadili.

Mtoto wa kike, saa nne kasoro. Mdogo, mwekundu. Alikaa sekunde chache bila kulia, na sekunde zile zilinizeesha. Kisha akalia. Mkunga akacheka kwa sauti. Rupal alikuwa anatokwa machozi hadi masikioni. Damu ilitoka nyingi kidogo, ikadhibitiwa. Presha ikaanza kutulia kabla sijamaliza kushona.

Nikatoka kuwapa habari. Mzee akainua mikono usoni. Nilesh akauliza, "Na Rupal?" Mzima, nikamwambia. Ingia ukawaone.

Hakuingia. Alisimama na simu mkononi. Kuna programu humo, unaitia saa na mji inakupa nyota. Ilikuwa imemwandikia: Mula. Baba asiuone uso wa mtoto mpaka mwezi uzunguke na kurudi nyumba ile ile, ifanywe ibada. Siku ishirini na saba. Akasema yeye haamini, lakini. Akasema hivyo mara tatu. Haamini, lakini. Yule wa kwanza alimshika mikononi, akasema. Safari hii hataki kuwa yeye sababu.

Nikamtafuta mzee kwa macho.

Ami Vinu akamwendea. Akaichukua simu, akaizima, akaitia kwenye mfuko wa shati lake. Walizungumza Kigujarati, sikufahamu. Nilichokiona: mzee alimshika mwanawe mkono, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Mlangoni Nilesh alisita. Mzee akamsukuma mgongoni.

Niliwaona kwa kioo cha mlango. Nilesh kainama juu ya kitanda. Rupal kamwinulia mtoto. Basi.

Nikamuuliza mzee amemwambia nini.

"Nimemwambia Mula ina robo nne. Ya mwanzo ndiyo inayomtazama baba. Ya mwisho haina ubaya, vitabu vinasema. Nikamwambia binti kazaliwa robo ya mwisho."

"Kweli ami? Ya mwisho?"

"Sijaipiga hesabu bado," akasema. Kisha: "Mke kapasuliwa yumo ndani peke yake. Hesabu itangoja."

Jumamosi, 14 Februari

Presha ya Rupal inashuka. Mtoto ananyonya kwa fujo. Nilesh kalala kwenye kiti wodini, shingo imempinda.

Jumapili, 15 Februari

Saa tatu asubuhi chumba cha upasuaji kilikuwa kitupu, kama kilivyopangwa. Nilikipita nikielekea wodini. Rupal alikuwa amekaa, anakunywa supu. Mzee alikuwa dirishani na mjukuu begani. Kaniona, akatazama saa ya ukutani, akanitazama tena.

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza habari ya zile robo. Nikaona haya. Nikampima Rupal, nikaondoka.

Alhamisi, 12 Machi

Ramadhani imeingia kumi la mwisho. Nimechoka vizuri.

Leo mwezi umerudi Mula, na wamefanya ibada yao asubuhi. Karibu na magharibi kengele ya mlango ikalia. Nilesh, Rupal na mtoto, na sahani ya vitamu kwa ajili ya futari. Mzee hakuja, magoti yanamsumbua, lakini kasalimia. Rupal kanenepa kidogo, uso umerudi. Niliwaingiza. Nilesh akaeleza kwamba ibada ameiomba yeye, si baba yake. Akaona aibu kusema. Nikamwambia hapana ubaya. Nilimaanisha. Sijabadilika, siamini nyumba hata moja kati ya zile ishirini na saba, lakini nilimaanisha.

Mama alimchukua mtoto bila kuuliza. Akamlaza mapajani, akamfunika miguu kwa ncha ya kanga, akamsomea kidogo na kumpulizia usoni. Rupal hakumzuia. Mtoto akapiga miayo.

"Kazaliwa siku gani huyu?" Mama akaniuliza.

"Ijumaa, Mama."

"Aa. Siku njema hiyo."

Nikamfasiria Rupal. Alimtazama Mama, akaomba nimwambie arudie.

Mama akarudia. Halafu kukaadhiniwa, nikaenda kumimina uji.