Mfupa Mwembamba wa Juu ya Pua

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu. Bomba la jikoni limetengenezwa, na paka wako amezaa watatu ndani ya sanduku langu la viatu. Kazi ni ile ile, kutunza mafuvu ya chuo na kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari.

Juzi nililipindua fuvu moja niwaonyeshe sakafu yake, pale ubongo unapokalia. Juu ya pua pana mfupa mwembamba kama ganda la yai, una vitundu kama chujio. Miaka kumi na tisa nawaambia: mtu akianguka, kisha maji maangavu yakamtiririka puani, msiseme ni mafua. Mfupa umepasuka, na hayo ni maji ya ubongo. Juzi niliishia kwenye neno mafua, nikalirudisha fuvu kabatini.

Dada, Baba aliteleza bafuni wiki mbili zilizopita. Alikataa uambiwe. Kesho yake pua ikawa inamtiririka. Nilikuwa nimechelewa kazini, nikampa kitambaa. "Mafua hayo, mzee wangu."

Siku ya nne homa ikapanda, shingo ikakakamaa. Sasa yuko wodini, hatutambui. Daktari wake nilimfundisha mimi. Alishindwa kunitazama usoni.

Njoo upesi, na ukifika usiniulize kitu mbele ya Mama. Anazidi kunisimulia jinsi jirani alivyomsihi Baba aende hospitali, naye akamcheka: "Mwanangu anaishi na mafuvu. Akisema mafua, ni mafua."

Mdogo wako,
yule aliyesema mafua.