Fungua Ukurasa Wangu

Korçë, 3 Februari

Mwanangu Gentian,

Hujambo wewe, hajambo mkeo, watoto wanakula? Huku theluji imefika madirishani. Baba yako magoti yanamsumbua ila mdomo wake mzima. Mimi sijambo, au ndivyo mnavyoniambia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanidanganya vizuri mno. Kile kisanduku cha kompyuta ulichokuja kukifunga jikoni kiangazi, kando ya pipa la unga, bado kinawaka taa yake. Kila Jumapili naingiza presha ya baba yako kama ulivyonifundisha, kwa kidole kimoja. Ulisema, "Mama, programu hii ni huria, hakuna aliyetuuzia. Rekodi zetu za hospitali hazikai kwa kampuni yoyote, zinakaa humu nyumbani. Hakuna atakayezishika ila sisi wenyewe." Maneno hayo nimewaringia majirani wote.

Sasa niambie. Ukurasa wa baba yako umejaa mpaka bawasiri. Wangu mweupe kama shuka, na pale penye vipimo nilivyopimwa hospitali ya Tirana pana picha ya kufuli. Mnasema nina jiwe kwenye nyongo. Jiwe gani linalomfanya baba yako Shefqet aoshe vyombo? Tangu anioe hajagusa sufuria ila kwa kijiko. Na binamu Zylfije katoka Bilisht na juisi na kahawa, ananibusu huku machozi yanamtoka, eti anapita tu.

Fungua, mwanangu.

Mama yako


Munich, 14 Februari

Shikamoo mama,

Sisi wazima, baridi tu. Watoto wanakusalimu na wanataka lakror, ile pai yako ya vitunguu.

Hilo kufuli ni hitilafu ndogo ya programu, nitairekebisha nikipata nafasi. Jiwe ni jiwe, mama. Na baba anaosha vyombo kwa sababu hatimaye kapata akili. Wewe kula, pumzika, jifunike. Daktari amesisitiza usitiwe wasiwasi.

Mwanao


Korçë, 22 Februari

Gentian,

Salamu nimezipata. Wabusu watoto macho yote mawili.

Mtu wa jiwe hupewa dawa. Hakuna daktari anayesisitiza asitiwe wasiwasi. Umeteleza, mwanangu, hukuzaliwa mwongo, nashukuru kwa hilo.

Naijua desturi ya kwetu. Mgonjwa hatajiwi ugonjwa wake. Anajua mume, anajua shemeji, anajua muuza maziwa, asiyejua ni mwenye mwili. Bibi yako alikufa anatuuliza mbona supu imekuwa tamu ghafla. Mimi sikusoma, darasa la nne nikapelekwa kuchuma tumbaku, lakini hili naliona: hakuna hitilafu yoyote. Umechukua desturi ya kwetu ukaitia kufuli la Kijerumani.

"Sisi wenyewe," ulisema. Kumbe mimi simo kwenye hiyo sisi? Jiko la nani? Umeme analipa nani? Tumbo la nani?

Mwezi ukiisha hujafungua, nachomoa.

Mama yako


Korçë, 11 Machi

Gentian,

Natumai mko salama, maana barua hamjaleta.

Nimechomoa. Kisanduku nimekitia kwenye kasha langu la harusi, chini ya mashuka, na ufunguo ninao mwilini. Baba yako kapiga kelele, "Mwanamke, una kichwa kigumu kuliko nyumbu!" Nikamwambia, "Nyumbu angalau anaona anachobebeshwa." Akarudi kwenye vyombo vyake.

Simu yako inalia mpaka kuku wameizoea. Sipokei. Usidhani ni ujasiri. Naogopa, mwanangu. Lakini ninachokiogopa hakina jina, na kitu kisicho na jina kinajaza nyumba nzima. Nipeni jina lake nijue kinaishia wapi.

Kula vizuri. Vaa soksi za sufu.

Mama yako


Munich, 17 Machi

Mama yangu, shikamoo,

Sijui nikuulize vipi hali yako wakati mimi ndiye niliyekuficha hali yako.

Si jiwe. Ni uvimbe kwenye utumbo mpana, mama, na ni saratani. Haijasambaa. Daktari anataka kukupasua mapema. Tumechelewa kwa sababu baba anataka Tirana, mimi nataka nikulete huku, tukawa tunabishana kwa simu juu ya tumbo lako, wewe ukiwa chumba cha pili unakanda unga.

Kichomeke kisanduku. Taa ikiwaka, andika nenosiri nililoandika nyuma ya karatasi hii. Hilo litakufanya wewe msimamizi na kuniondoa mimi. Sitaweza tena kufunga wala kufungua kitu. Baba nimemwambia. Alilia.

Mwanao


Korçë, 30 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hali yangu unaijua na mimi naijua, kwa hiyo leo tunasalimiana kama watu.

Tulisoma pamoja, baba yako akishika taa kana kwamba tunatafuta sindano. Maneno mengi sikuyaelewa. Lile moja nililielewa. Nililia, nikaosha uso, nikampigia daktari mimi mwenyewe. Akaanza, "Mpe mumeo simu." Nikamwambia, "Mume wangu hana uvimbe." Akanieleza kila kitu, polepole, na nilipouliza mara ya pili akarudia. Nitapasuliwa Tirana, Jumanne ijayo. Ni uamuzi wangu, msijipe tabu ya kubishana tena. Tarehe nimeiingiza mwenyewe kwenye ukurasa wangu, na wewe nimekurudishia ruhusa ya kusoma. Ya kufunga sikukupa, na hutaipata.

Likija neno jema tutalisoma wote. Likija baya, nitalisoma mimi kwanza, halafu nyinyi.

Njoo ukipata likizo. Ila ukifika kitandani kwangu usinichekee kile kicheko wanachochekewa wagonjwa. Niangalie usoni, uniulize.

Mama yako