Vibonge Vilivyolala Jikoni

Ijumaa. Kifanya imeamka na ukungu mzito, umande umeganda juu ya majani. Nilivaa sweta mbili na koti juu yake, na bado meno yaligongana. Lakini nina furaha leo, furaha ya kipuuzi kabisa, na hata aibu niliyoipata haijaipunguza.

Kesho mdogo wangu Upendo, bibi harusi mtarajiwa, anaagwa Makambako. Tangu baba alipofariki nimemwahidi kwamba mimi ndiye nitakayemshika mkono kumwingiza ukumbini. Bosi naye alikuwa na neno lake: hakuna kuondoka saiti kabla hatujatoa mirunda, ile miti iliyoshikilia daraja kwa chini. Injinia pale Kifanya ni mimi peke yangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumsukumia.

Na mirunda haitolewi kwa kukisia. Siku tulipomwaga zege la daraja tulijaza pia vibonge vichache vya majaribio, tukaviweka pale pale pembeni ili baridi inayolipiga daraja ivipige na vyenyewe. Vikienda kuvunjwa maabara, ndipo tunajua daraja limepata nguvu kiasi gani. Kwenye baridi zege hukomaa polepole, na baridi ya mwaka huu haina adabu. Nimelalamika juu ya hilo kila tulipokaa kula, tena kwa sauti.

Asubuhi maabara wakapiga simu. Vibonge vimefaulu, tena kwa kishindo.

Nilirukaruka mbele ya mafundi bila haya. Wao wakaanza kukusanya nyundo, mimi nikakimbilia jikoni kumpa habari Mama Neema, mpishi wetu, ambaye habari za gauni langu la kesho amezisikia mpaka zimemchosha.

"Nilijua tu," akasema, huku akigeuza viazi. "Vilikuwa vinalala vizuri."

Nikamuuliza vililala wapi.

"Si hapa hapa, Injinia! Wewe mwenyewe ulisema zege halipendi baridi. Nikavionea huruma jamani. Jioni nilikuwa naviingiza, asubuhi navirudisha kwenye daraja lenu."

Akanionyesha. Kando ya jiko la mkaa, ubavuni mwa boksi la vifaranga wake.

Nikakaa juu ya gunia la viazi.

Nakiri hapa, kwa sababu sijamwambia mtu: kwa muda nilifikiria kunyamaza. Maabara hawajui. Bosi hajui. Gauni liko kwenye begi. Halafu kichwani nikaliona lori la mbao likipita juu ya zege ambalo halijalala jikoni hata siku moja, nami niko ukumbini nacheza huku nasikilizia simu. Hapana. Kwa wasiwasi huo ningemkanyaga kila mtu mguu.

Nikawaambia mafundi waweke nyundo chini, nikampigia bosi, nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo waliofaulu ni vifaranga," akasema. "Mirunda ibaki. Wiki ijayo tutapima daraja lenyewe."

Nikasema sawa. Nikasema pia kwamba ngoja nimpigie mdogo wangu nimwambie sitafika.

"Usifike kwa nini? Mirunda haitoki. Unataka kubaki huko kuitazama ikiwa imesimama? Nenda kwa mdogo wako, mwanangu."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo! Kichwa kizima nilikijaza kutoa mirunda, nikasahau kwamba isipotolewa hakuna kazi ya kusimamia.

Mama Neema amenuna kidogo kwa sababu nimempiga marufuku kugusa kibonge chochote kuanzia leo. "Haya, vikipata mafua msinilaumu," akasema. Lakini alinifungia maparachichi ya bibi harusi, makubwa, akayachagua moja moja.

Sasa naandika nikiwa kwa mama, Makambako, na kikombe cha chai mkononi. Upendo anajizoeza kutembea na viatu virefu hapa sebuleni. Anayumba vibaya, na mama anamcheka waziwazi.

Kesho mimi nitamshika Upendo, na mirunda itashika daraja. Wiki ijayo tutaona nani anaweza kusimama mwenyewe.