Ngozi ya Mafuta kwenye Kikaango

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Gare hatujambo, ila babu yako anakohoa kwa baridi hii. Wewe unakula lakini?

Unauliza kama naamini mafuta ya alizeti yanaweza kugeuzwa plastiki. Naamini. Nilipoolewa, nilikipaka mafuta kikaango cha chuma cha mama mkwe, nikakisahau siku tatu kando ya moto. Mafuta yakawa magumu kama nailoni! Nikasugua kwa mchanga huku nalia, nikijua narudishwa kwetu.

Mama mkwe akacheka. "Acha, mwanangu! Utaitoa ngozi inayozuia kutu."

Mpaka leo najiuliza ni nini kilichoyashikanisha mafuta yale. Walimu wako wakikueleza, uje unieleze na mimi. Kikaango kipo, hakijashika kutu.

Bibi yako anayekuwaza