Nyumba Isiyotaka Pole

Basi nikasimama pale ukumbini, Baba Subira, watu wote wamekaa, nikasema: huyo mnayempigia makofi ni mjane. Mumewe hajamaliza mwezi ardhini. Makofi ya nini, kafunga bao?

Mama Tusa ananiambia barua haianzi hivyo, kwanza salamu. Haya, andika salamu. Baba Subira, mume wangu, hujambo huko Kamsamba? Mgongo je? Ile dawa ya majani unajipaka, au imekaa kwenye kopo mpaka niseme mimi? Yule ng'ombe mwekundu kazaa? Na ndege kwenye mpunga nani anawafukuza, maana wewe ukipata kivuli unasinzia, na ndege wanakujua. Mimi mwili upo. Baridi ya Tunduma inaniingia magotini, malori yananguruma mchana kutwa, foleni ya mpakani imefika mpaka mtaani kwetu, lakini mwili upo. Roho ndiyo inachemka.

Ningepiga simu, ila simu ya humu ni ya Subira na anakaa hapohapo kusikiliza. Ndiyo nimemwomba jirani, huyu Mama Tusa anayevusha vitenge kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aniandikie. Nimemwambia andika ninavyosema, usinipambe.

Juzi ulimpigia mwanao ukamuuliza, unaendeleaje mama? Akakujibu, "Niko vizuri sana baba, nasonga mbele." Ukacheka, nilikusikia. Baba Subira, mtoto hayuko vizuri. Tangu lori la mkwe wetu Ambakisye lipinduke kule upande wa Zambia, tangu tumzike kwao Ikinga, Subira hajatoa chozi hata la kitunguu. Hali chakula. Blauzi zinamvuka mabegani. Lakini asubuhi anapaka wanja, anatabasamu, anafungua duka.

Kuna mtu amemfundisha hivyo. Wanamwita kocha. Mimi kocha nilijua ni wa mpira, kumbe huyu anafundisha watu kuwaza mazuri. Nyumba nzima imebandikwa karatasi za maneno yake, "Mimi nina furaha," mpaka chooni. Na pole humu ndani ni marufuku. Siku ile nilijikwaa kizingitini, goti likachubuka, nikakaa nangoja pole. Subira akasema, "Mama, inuka, wewe ni imara." Nikamwambia, "Sitaki uimara, nataka pole." Akasema, "Pole hatusemi humu. Ukipokea pole umelikaribisha tatizo."

Haya! Sisi tunampa pole anayelima, anayebeba maji, anayetoka safari, hata aliyeungua ulimi kwa uji. Leo pole imekuwa uchawi?

Wakaja wanawake wa sokoni, wale ambao hawakuweza kufika Ikinga kuzika. Mmoja na beseni la unga kichwani, mwingine na mzigo wa kuni, wawili wametoka Nakonde na mchele wao. Mimi nikatandika ule mkeka niliokuja nao, nikakaa chini, nikanyoosha miguu kama inavyotakiwa. Mara Subira huyo, na viti vya plastiki. "Karibuni, kaeni juu. Humu hatukai chini, chini ni kwa walioshindwa." Wanawake wakatazamana. Mmoja wa wale wa Nakonde alishaanza kulia kwa kwao, "Mayo, mayo we," yaani mama, mama, akakatisha, akavuta kiti. Wakanywa soda, wakasifu mapazia, wakaondoka. Unga wakauacha mlangoni. Mkeka wangu akauviringisha akanirudishia, nikausimamisha nyuma ya pipa la maji. Aibu niliyoiona! Watu wanakuja msibani wanarudi wakisifu mapazia!

Nisimwonee huyo kocha. Ule mwaka kibanda cha viatu kilipoungua na Subira akalala kitandani hataki kuamka, ni yeye aliyemwinua. Alimwambia, "Kibanda kimeungua, mikono yako haikuungua." Neno zuri hilo, hata mimi nalisema siku hizi. Subira akaanza kuwauzia chai madereva waliokwama kwenye foleni, leo ana duka. Lakini dawa ya minyoo huiweki jichoni. Kibanda unajenga kingine. Ambakisye utamjenga kwa mbao gani?

Sasa Jumamosi Subira akanichukua mpaka ukumbini, nikamsikie huyo kocha mwenyewe. Kijana mzuri tu, shati limepigwa pasi. Akaja mpaka kwenye kiti changu. "Bibi, sema na mimi: mimi ni tajiri."

"Wa nini?"

"Wa mawazo, bibi."

"Basi leo usile, utafune mawazo."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akamwita Subira mbele. "Mwoneni dada huyu! Amefiwa na mume juzi tu. Je, analia?" Ukumbi mzima, "Halii!" "Huyu ni nani?" "Mshindi!" Makofi, vigelegele. Na mwanangu kasimama pale anatabasamu, huku anaizungusha ile pete ya ndoa kidoleni, anaizungusha, anaizungusha. Mimi niliiona pete. Wao waliona meno.

Ndipo nikasimama, na niliyosema nimekwisha kukwambia. Kocha akasema, "Bibi yetu ana nguvu hasi." Nikamwambia, "Nguvu ninazo. Nimezaa saba, nimezika watatu, na kila mmoja nilimlilia mpaka nikamaliza, ndiyo maana niliweza kuamka nikalime. Wewe umezika nani?" Kurudi, Subira alinitangulia njia nzima.

Sasa sikiliza ya leo asubuhi. Nataka kuwasha jiko, mkaa umelowa, hauwaki. Nikaona karatasi zimerundikwa kwenye kigoda, Subira alizibandua afute kuta. Mimi kusoma sijui, unajua, karatasi kwangu ni karatasi. Nikazikunja nikazichomeka chini ya mkaa, moto ukashika vizuri kabisa. Chai inachemka, Subira huyo anatoka. "Mama, karatasi zangu ziko wapi?"

Akaona kipande kimebaki ukingoni mwa jiko. Mama Tusa amenisomea, anasema kimeandikwa "Mimi nina." Furaha yenyewe imeungua.

Nilijua atafoka. Hakufoka. Alikaa chini, Baba Subira. Chini, kwenye majivu, na gauni lake la dukani. Nikamwambia, "Pole mwanangu." Nikangoja anikaripie. Akanitazama tu, kisha akainuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Sasa jua liko utosini, duka halijafunguliwa. Mimi na maneno yangu yote naogopa. Sijui nimemfungua au nimemvunja.

Kwa hiyo usiniite nirudi kwa ajili ya ndege. Waache wale mpunga, tutakula watakachobakiza. Na ukimpigia mwanao usimuulize yuko vizuri. Mwambie, "Pole mwanangu," halafu unyamaze, hata kama salio linakwisha. Wewe kimya unapenda kukijaza ng'ombe. Usitaje ng'ombe.

Msalimie dada yako mkubwa, mwambie tumbaku yake naikumbuka. Mdogo wangu Tabia arudishe chungu changu, najua anacho. Kaka yako mzee wa kanisa amwombee Subira, ila aombe kwa kifupi. Mimi hapa mkeo, mama wa—

Ngoja. Mama Tusa, umesikia? Mlango. Ananiita.

Abee, mwanangu!

Anauliza mkeka uko wapi. Nyuma ya pipa, mama, nyuma ya pipa! Usiubebe, nakuja mwenyewe. Mama Tusa, weka kalamu, kimbia sokoni kawaite wale wenye unga