Mama Rosalba Abalo na Siku Zake Sita

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache asubuhi ile ya Jumanne, na bado hakuna mtu hapa Katwe, Kampala, anayepika maharage yakawa kama yako. Mwanao Aloyo amejaribu. Mafundi wa kuchomelea wanakula kwa heshima tu, halafu wanatazama pembeni.

Ulikuwa mtu wa kulisha kwanza, kuuliza baadaye. Fundi asiye na kazi alikula. Mgambo wa jiji aliyekuja kukufukuza usiuze chakula alikula, kesho yake akakufukuza tena, akala tena.

Ambao hawakukujua wasikie. Ilipopotea mashine ya kuchomelea ya karakana, askari walikuchukua wewe, kwa sababu sufuria zako zililala kwenye karakana hiyohiyo. Siku sita ulilala sakafuni kituoni, hakuna shtaka, hakuna korti. Siku ya saba wakafungua mlango.

"Nyabo, nenda nyumbani."

Ukakaa chini. "Siendi. Niandikie kwanza kwamba nilikuwa hapa siku sita."

Yule askari alicheka mpaka akashika ukuta. Hakujua anaongea na mjane wa polisi. Miaka yote ile kambini Baba alikuwa anakuambia: mtu akipita saa arobaini na nane hajafikishwa kortini, sheria imevunjwa, na waliovunja ni sisi wenye magwanda.

Ukashtaki. Hukuwa na wakili, ulisimama mwenyewe. Ulitaka kitu kimoja tu: jaji aseme kwa sauti kwamba walikukosea, na wewe uwe umesimama pale. "Masikio yangu yasikie," ulituambia.

Kila siku ya kesi ulivaa gomesi ya kijani, gauni lako la sherehe. Jirani yako Pélagie, Mkongo wetu muuza vitenge, alikuwa anakuchokoza: "Mama Okullo, unaenda ku tribinale ao ku ndoa?"

"Ndoa," unamjibu. "Bwana harusi ndiye anachelewa."

Na kweli alichelewa. Mara kumi na moja kesi iliahirishwa. Jaji anaumwa. Faili halionekani. Wakili wao amesafiri.

Halafu mwanao Okullo. Aliacha kusoma sheria mwaka wa pili, na wewe ukaendelea kumwita "wakili wangu" mbele za watu, bila aibu. Ndiye alikuandikia karatasi zote. Asubuhi moja, yeye ametangulia kortini, akakupigia simu kwa sauti ya karani: "Abalo Rosalba? Kesi yako imeahirishwa." Alifikiri utamjua kama siku zote, umtukane, mcheke. Lakini kuahirishiwa kesi ulikuwa umeshazoea. Ulivua gomesi, ukazima simu, ukawasha sigiri ya mkaa upike. Okullo alikungoja mlangoni pa korti anacheka peke yake. Jina lako liliitwa mara tatu. Kesi ikafutwa.

Kuirudisha kulichukua miezi minane. Siku jaji alipouliza kwa nini hukufika, Okullo alisimama aseme. Ukamvuta shati, akakaa.

"Mheshimiwa, nilikosea tarehe," ulisema.

Ni mara moja tu tulikusikia ukidanganya, Mama, na ilikuwa kortini. Jioni hiyo hukumgombeza. Ulimpakulia, ukamwongezea mchuzi. Mpaka leo anasema ni heri ungempiga.

Kisha figo zikaanza kukusumbua. Kitandani ulikuwa unauliza jambo moja, "Jaji ameandika?" na sisi tunajibu bado. Ukaondoka. Aloyo akaingia mahali pako kwenye kesi, na hukumu ikasomwa wiki tano baada ya kukuzika. Wiki tano tu. Okullo anajua kuhesabu, Mama. Hakuna anayeweza kumwambia asihesabu.

Jaji alikutaja jina lako zima. Akasema kila saa baada ya ile ya arobaini na nane walikuweka kinyume cha sheria, na walikukosea. Hakuna aliyepiga makofi. Pélagie alijifunika uso na kitenge.

Wiki hiyo tulipanda na Okullo basi la Lira, tulikokuzika, yeye ameshika nakala ya hukumu. Alisimama kaburini kwako akaisoma yote, kurasa kumi na tisa, polepole, kwa sauti, hata namba za vifungu. Alipomaliza alibaki amesimama, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesubiri ajibiwe. Tulimwacha. Jua lilizama, yeye bado yuko pale.

Wanaokulilia ni watoto wako Aloyo na Okullo, mjukuu wako Akullo, dada yako Safinah, Pélagie, na mafundi wote wa karakana.

Siku zote tutakukumbuka, Mama.